Jibu: Jicho jekundu miaka miwili baada ya upasuaji wa glakoma

Pole kwa mama, ndugu yangu. Umeuliza kama wekundu na matongotongo ya tangu jana vinaweza kuhusiana na upasuaji wa miaka 2 iliyopita. Ndiyo, vinaweza. Mpeleke leo hii kwa daktari wa macho, usingoje kesho.

Katika upasuaji ule uliozoeleka wa glakoma (presha ya macho), daktari hufungua njia ndogo ili maji ya ndani ya jicho yatoke na kukusanyika chini ya utando unaofunika sehemu nyeupe. Pale hutokea kilengelenge kinachofichwa na kope la juu, nacho kinakusudiwa kubaki. Utando wake ukiwa mwembamba mno, au ukivuja, bakteria wamepata mlango, hata miaka mingi baadaye. Wakiwa bado kwenye kilengelenge, mara nyingi matone ya antibiotiki ya mara kwa mara husaidia. Wakishaingia ndani ya jicho, uoni unaweza kupotea haraka sana.

Je, ana maumivu, anakwepa mwanga, au anaona ukungu? Hapo ni dharura kabisa. Matone ya zamani yaliyobaki nyumbani msiyaguse, hasa yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe). Na mkifika tu, semeni jicho liliwahi kufanyiwa upasuaji wa glakoma. Asiyejua hudhani ni macho mekundu ya kawaida.