Rimoti ya geti ikifa usikimbilie mota mpya, funga risiva ya nje

Dodoma saivi mageti ya rimoti yamejaa kila mtaa. Tangu serikali ihamie huku watu wamejenga Iyumbu, Ilazo, Njedengwa mpaka njia yote ya kwenda Mtumba, wengi wamefunga mota za geti na wachache wameweka milango ya gereji ile ya kupanda juu, na sasa hizo mota zimeanza kuzeeka. Ila kinachokufa mara nyingi siyo mota yenyewe. Mota nzima, gia nzima, ukibonyeza kitufe cha ukutani geti linafunguka vizuri tu, lakini rimoti hazikamati, au zimepotea, au zimeharibika na madukani aina ile haipo tena. Hapo fundi anakuambia bodi, yaani ile saketi inayoiamrisha mota, imekufa, nunua seti mpya, na mtu anatoa hela ambayo ingemaliza plasta ya chumba.

Kama kitufe cha ukutani bado kinafanya kazi, tafadhali usinunue mota. Nunua risiva ya nje, yaani kipokea mawimbi ya rimoti kinachokaa nje ya bodi ya mota. Bei yake haikaribii kabisa bei ya mota, na kama huipati hapa mjini unaagiza Kariakoo inakuja na basi.

Ukishaelewa inavyofanya kazi hutadanganywa na mtu. Kile kitufe cha ukutani hakipeleki umeme mkubwa popote, kinachofanya ni kugusanisha nyaya mbili nyembamba kwa muda mfupi, bodi ya mota ikiona zimegusana inajua imeambiwa fungua au funga. Risiva ya nje ni kiboksi kidogo chenye antena, na ndani yake kuna relei, swichi ndogo inayojigusanisha yenyewe, ikipata mawimbi ya rimoti yake relei inalia ta! na inagusanisha nyaya mbili zilezile. Yaani ni kama umemweka mtu pale ukutani kazi yake kubonyeza kitufe kila ukimpungia mkono. Mota haijui aliyebonyeza ni nani, ndo maana kwa mota nyingi haijalishi ni ya kampuni gani wala ya mwaka gani.

Mjomba wangu ana nyumba Iyumbu, mlango wa gereji una mota aliyoletewa na mwanae kwenye kontena kutoka Marekani. Umeme wa kule majumbani ni volti 120, wetu wa TANESCO ni 230, kwa hiyo ile mota inakula kupitia transfoma ya kushusha. Rimoti zikafa. Kila alipozipeleka zikakopiwe ikagoma, na sababu ni kwamba rimoti nyingi za kule zinatumia masafa ya 315 au 390 MHz wakati zinazouzwa huku kwetu karibu zote ni 433.92. Unaweza ukakopi mpaka jioni, hazitakutana. Akaambiwa ang'oe kila kitu. Nilipomwonesha risiva akaishika mkononi akaigeuzageuza, "Sasa mpwa wangu, kidude hiki ndo kinatosha?" Nikamwambia, "Kinatosha mjomba, kitufe chako cha ukutani si kinafungua?"

Kabla hujanunua chochote fanya jaribio moja, ndo linaloamua kila kitu. Kwa mjomba nilipanda ngazi nikafungua kifuniko, vumbi limetanda juu ya bodi na mjusi kakaukia pembeni ya transfoma, nikafuata zile nyaya mbili nyembamba za kitufe mpaka zinapoingia kwenye skrubu mbili ndogo, nikapima kwa mita ya kupimia volti kuhakikisha hapo ni umeme mdogo, afu nikachukua kipande cha waya nikagusa skrubu zote mbili kwa mpigo. Mlango ukashtuka ukaanza kupanda. Basi, hapo kazi imeshaisha, kilichobaki ni kufunga tu. Ila sikia, usiguse kitu ambacho hujapima, ndani ya boksi hilohilo kuna sehemu umeme wa TANESCO unaingia mzima mzima, na ule hauna msamaha. Kama huna mita au huna uzoefu muite fundi umeme, mwambie unachotaka.

Kwenye mota za geti la kuslaidi hizo skrubu zina majina, unaweza ukakuta START, OPEN, PB au TRG na pembeni yake COM. Ukiona PED achana nayo, hiyo ni ya kufungua kidogo mtu apite kwa miguu. Na kuna mota mpya za gereji za Marekani ambazo kitufe cha ukutani kinaongea na bodi kwa data, siyo kwa kugusanisha, ukigusa nyaya zake mlango haujibu. Hiyo isikukatishe tamaa, unafungua kitufe chenyewe cha ukutani, unasolda nyaya mbili kwenye miguu ya kibonyezo chake na risiva inagusanishia hapo.

Sasa kufunga. Zima umeme, na kama mota ina betri chomoa na betri. Risiva ina sehemu tatu za kutolea, COM ambayo ni ya pamoja, NO ambayo inagusana na COM relei ikilia tu, na NC ambayo imegusana na COM muda wote relei ikiwa imetulia. Unatumia COM na NO, unazipeleka kwenye skrubu zilezile mbili za kitufe, na waya za kitufe unaziacha palepale ili ukutani nako kuendelee kufanya kazi. NC usiiguse, ukiiunganisha hiyo mota itadhani kitufe kimebonyezwa muda wote.

Umeme wa risiva soma kwenye boksi lake, nyingi zimeandikwa volti 12 hadi 24, AC au DC, lakini zipo zinazotaka 12 DC peke yake na mota nyingi za geti zinatoa 24 kwa ajili ya vifaa vya nje, ukiichomeka bila kusoma unaiunguza. Kwa mjomba tulitumia adapta ya zamani ya ruta ya volti 12 na inafanya kazi vizuri, ila kama mota yako ina betri usifanye hivyo, chukulia umeme wa risiva upande wa betri. Umeme ukikatika usiku mota itakuwa nzima lakini risiva ya adapta imezimika, na wewe uko nje na gari.

Halafu kuna kitu kinawachanganya mafundi wengi, ni modi. Risiva nyingi zina kijampa, kile kiplagi kidogo cha kuchagulia, au namna ya kuseti relei ifanye nini. Weka ile ya kugusa na kuachia. Ukiiacha kwenye ya kugusa na kubaki imegusa, geti litafunguka mara ya kwanza vizuri, afu linaganda, kitufe hakisikii, geti halijifungi lenyewe, na mtu anaanza kulaumu mota. Sikiliza relei, ukibonyeza rimoti mara moja inatakiwa ilie na kuachia hapohapo.

Kwenye kuchagua aina ndo naomba usibanie hela. Risiva za bei ya chini kabisa zinatumia namba ileile kila ukibonyeza, na rimoti ya kukopi inaichukua kwa sekunde chache tu, anayekuoshea gari akitaka anaweza. Tafuta ya rolingi kodi, namba inabadilika kila mbonyezo, aliyenasa ya jana leo haimsaidii kitu. Ukishaifunga futa kwanza kumbukumbu yake yote, nyingi unashikilia kile kitufe cha kuingizia rimoti kwa sekunde kadhaa mpaka taa itoe ishara, afu unaingiza rimoti zako mwenyewe moja moja. Rimoti ikipotea au mtu akihama kwako nayo, rudia zoezi hilohilo siku hiyohiyo.

Na risiva ikae upande wa ndani wa ukuta wako, kamwe isiwe upande wa barabarani. Mwenye bisibisi akifungua kile kiboksi kwa nje anagusanisha nyaya mbili tu geti linafunguka, rolingi kodi haimzuii.

Kuhusu umbali, watu wanalalamika rimoti haikamati mpaka uwe umegusa geti. Mara nyingi risiva imefichwa ndani ya boksi la chuma, au fundi ameizungusha antena akaifunga na waya za umeme. Kwa 433.92 MHz waya wa antena ni kama sentimita 17, uunyooshe, utoke nje ya chuma, uusogeze juu. Kwenye gereji jaribu pia kuzima taa ya LED iliyo karibu na mota, baadhi zinatoa mawimbi yanayoifunika rimoti, ukiizima na umbali ukaongezeka badilisha taa.

Upepo wa huku kiangazi unaingiza vumbi kila tundu, na masika kuanzia Desemba mvua inapiga kwa ubavu, kwa hiyo nyaya ziingie kwenye boksi kwa chini na tundu lizibwe na silikoni, hata sisimizi hawatapata pa kujenga.

La mwisho ni watoto. Ukishapata rimoti inayokamata kutoka mbali utaanza kufunga geti ukiwa hulioni. Mota za gereji zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu 1993 zinatakiwa kisheria ziwe na kinga ya kumzuia mtu asibanwe, na nyingi zina yale macho mawili chini ya mlango yanayohisi kitu kikipita katikati yake, lakini mota nyingi za geti huku zinafungwa bila macho ili kupunguza gharama. Nunua macho pamoja na risiva, yafunge siku hiyohiyo, afu weka ndoo njiani ulijaribu geti likiwa linafunga. Lisiposimama likarudi, usimkabidhi mtu rimoti.