Jibu: Karatasi ya mhusika haimgusi adui

Mkuu, umeuliza kwa nini ukishambulia kwenye Roll20, tovuti ya kuchezea michezo ya kuigiza wahusika, dadu zinahesabu vizuri lakini uhai wa adui haupungui wenyewe. Hujakosea popote. Msimbo wa karatasi ya mhusika, yaani ukurasa unaoweka takwimu za mhusika wako, unasoma na kuandika thamani za karatasi hiyo hiyo tu. Kwenye Dungeons & Dragons, mmoja wa michezo hiyo, ukipandisha Nguvu ya mhusika wako kutoka 14 hadi 16, nyongeza inayojumlishwa kwenye dadu inatoka 2 kwenda 3 papo hapo. Ila kumkata adui, tuseme, pointi 7 za uhai moja kwa moja kunahitaji skripti (programu ndogo) za mchezo mzima, na hizo zinafunguka pale aliyeunda mchezo anapolipia kifurushi cha Pro. Wachezaji wengine hawalazimiki kulipa.

Sisi hapa Dodoma, na wenzetu walioko Kondoa na Singida, mwongoza mchezo anabofya tokeni ya adui, yaani kipicha chake kwenye ramani, anaandika -7 kwenye uhai, basi. Na mimi napenda ibaki hivyo. Kuna adui anayepata nusu tu ya madhara ya moto, kuna mchezaji anayejitosa kumkinga mwenzake. Hayo yanaamuliwa na watu, na mashine ikikata kabla hamjakubaliana, mchezo unasimama mkirudisha pointi. Kabla ya kulipia chochote, hakikisha uhai wa tokeni yako umeunganishwa na karatasi yako. Hilo ni bure.