Kabla Hujaandika Kichanganuzi cha HTML, Soma Haya

Mjomba wangu alifika bandarini Mkoani, Pemba, saa 2 na nusu asubuhi, na boti ilikwisha ondoka. Katoka Wete alfajiri, kabadilisha gari Chake Chake, kwa kuamini ujumbe uliomwambia boti inang'oa nanga saa 3. Ujumbe ule ulitoka kwenye programu niliyoiandika mimi. Kila usiku ilikuwa ikisoma ukurasa wa ratiba za boti, inachomoa siku na saa, kisha inawatumia watu wa mtaani kwetu wenye simu za vitufe.

"Mjomba," akanambia kwenye simu, "hiyo mashine yako ratiba inaisoma wapi?"

Nikaufungua ukurasa kwenye kivinjari. Pameandikwa 07:30, wazi kabisa. Ukurasa haukuwa na neno, kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifanya nikae miezi kadhaa nikijifunza namna HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, inavyosomwa na kichanganuzi, yaani programu inayoichambua. Nayaandika haya kwa vijana wanaoniuliza wakiwa wanaanza, maana nawaona wanapita njia ile ile niliyopita.

Kilichotokea ni hiki. Aliyeweka ratiba mpya hakuifuta ile ya zamani. Aliifungia ndani ya maoni, kati ya `<!--` na `-->`, ambayo kivinjari hakiyaoneshi kwa msomaji. Programu yangu ilitumia regeksi, yaani kiolezo cha kutafutia maandishi, iliyotafuta chochote kilichopo kati ya `<td>` na `</td>`. Hizo ni tegi, alama zinazofungua na kufunga seli ya jedwali. Regeksi ile haijui maoni ni nini, ikaiokota ratiba ya zamani. Na ile mpya haikuiona kabisa, kwa sababu mwandishi wake hakuzifunga td zake. HTML inaruhusu td isifungwe: td nyingine ikija, ile ya kwanza inahesabiwa imekwisha.

Kwa hiyo neno langu la kwanza: usisome HTML kwa regeksi. Inafaa kuchambua kitu kifupi chenye umbo moja, kama saa au namba ya simu. Ukurasa una vitu ndani ya vitu, jedwali ndani ya div (kisanduku cha kukusanya vitu) ndani ya jedwali jingine, na lazima uwepo mkono unaokumbuka kipi kimefunguliwa na kipi bado hakijafungwa. Utaongeza kiraka, halafu kiraka juu ya kiraka, na kila ukurasa mpya utakuletea tundu jipya.

La pili ndilo zito zaidi. Nilipoanza upya nilijiambia nitaandika kichanganuzi cha HTML sahihi, na pale ukurasa unapokosea nitatumia akili yangu kukisia mwandishi alikusudia nini. Wiki nyingi zilipotea hapo. Sikujua kwamba makosa yenyewe yameandikiwa kanuni. HTML 4.01 ya mwaka 1999 ilieleza ukurasa sahihi uweje, lakini haikusema kivinjari kifanye nini kikikuta ukurasa uliokosewa, hivyo kila kivinjari kikawa na namna yake. XHTML ikaja mwaka 2000 na ukali wa XML: kosa moja tu, na kivinjari kinachofuata kanuni kinasimama. Watu hawakuacha kukosea. Mwaka 2004 watu wa Apple, Mozilla na Opera wakaunda kundi la WHATWG, na kazi mojawapo iliyofanywa humo ni kuandika, hatua kwa hatua, mfululizo wowote wa herufi unageuka kuwa mti gani, yaani mpangilio wa kipi kiko ndani ya kipi. Wowote. Hakuna ukurasa ambao kanuni hizo zinaukataa. Zinapatikana bure mtandaoni, na mtu asiyezisoma akaanza kukisia anajitesa.

Mfano wa kosa lenye kanuni yake ni huu:

`<b>bei <i>ya</b> karafuu</i>`

Tegi zimepishana: b (herufi nzito) imefungwa kabla ya i (herufi za mlazo) iliyofunguliwa ndani yake. Mimi nilikisia kwamba i nayo ife pale pale b inapofungwa. Kanuni inataka tofauti. Inaifunga i ndani ya b, kisha inafungua i nyingine nje, ili neno "karafuu" libaki na mlazo wake. Hatua za kufika hapo ni nyingi na zinachosha, na mojawapo inasema duara la nje, yaani kurudiwa kwa hatua hizo, lisizidi mara 8. Nikaona kikomo hicho hakina maana, nikakiondoa. Majaribio yakaanguka. Nikakirudisha. Tangu hapo kila hatua ya kanuni naiandika kama maelezo juu ya mstari wake wa msimbo, kwa namba yake, hata kama siielewi. Kuelewa kulikuja baadaye, msimbo ukiwa tayari unafanya kazi.

Kwa mtu wa ratiba na bei, jedwali ndiyo sehemu ya kuitazama kwa makini kuliko zote. Tuseme mtu ameandika "Jumapili hakuna safari" ndani ya table, lakini nje ya td yoyote. Jedwali halipokei maneno yasiyo na seli. Kanuni hailitupi tangazo hilo, inalitafutia mlezi: linahamishiwa kwa mzazi wa jedwali na kuwekwa juu, kabla ya jedwali lenyewe. Ndiyo maana kwenye kivinjari unaliona juu ya ratiba. Kichanganuzi cha kubahatisha huliacha katikati ya safu au hulipoteza, na tangazo hilo pengine ndilo lililokuwa muhimu kuliko saa zote.

Aya nazo zina mtego. Div ikifunguliwa ndani ya p (tegi ya aya), ile p inafungwa hapo hapo. Kisha `</p>` ya mwandishi ikifika inakuta hakuna p iliyo wazi, na kanuni inaunda p nyingine tupu. Kama unahesabu aya, utajikuta na aya zisizo na neno ndani.

Upande wa kukata vipande, yaani kugeuza herufi kuwa tegi na maneno, ni mwepesi ukikubali kusoma herufi moja moja huku ukijua uko katika hali gani. Ukiwa kwenye maneno ya kawaida ukakuta `<`, tazama herufi inayofuata. Ikiwa ni herufi ya alfabeti, tegi imeanza. Mkwaju ni tegi ya kufunga, alama ya mshangao huenda ni maoni. Ikiwa ni nafasi au tarakimu, ile `<` ni neno tu, kama mtu aliyeandika "umri < 18". Script na style (tegi za msimbo na za mapambo ya ukurasa) zina hali zao, zisome huko huko kwenye kanuni. Kazi hii itenge na kazi ya kujenga mti, ila ujue mti nao huwa unamwambia mkataji abadilishe hali.

Rundo la elementi (vitu vinavyofunguliwa na tegi) zilizo wazi liwe orodha unayoishika mwenyewe, cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka, kama magunia ndani ya gari la mizigo. Usiutembee mti kwa funksheni inayojiita yenyewe. Lugha ya Python kwa kawaida husimamisha miito hiyo ikifika 1000, na ukurasa uliosahau kufunga tegi zake unaweza kuwa na kina cha kukufikisha hapo.

Sasa jambo la sisi tunaoandika Kiswahili. Baadaye nilikitumia kichanganuzi kukusanya maneno kwa ajili ya kusahihisha tahajia, na jina la Ng'ambo, ule upande wa pili wa Mji Mkongwe, likanitokea "Ngambo". Ng'ombe nao wakawa "ngombe". Kurasa hizo zilijitangaza kuwa zimeandikwa kwa usimbaji wa ISO-8859-1, yaani namna moja ya kugeuza baiti kuwa herufi, lakini apostrofi yake ilikuwa baiti 146, ambayo katika usimbaji huo ni alama ya udhibiti isiyoonekana. Kumbe waandishi walitumia Windows-1252, ambako 146 ni apostrofi ya kupinda. Kanuni inalijua hili: ukurasa ukisema ISO-8859-1, usome kama Windows-1252. Hata mtu akiandika `&#146;`, kanuni inaigeuza kuwa herufi namba 8217, yaani apostrofi ile ile. Mwingereza akipoteza apostrofi anapoteza alama. Sisi tunapoteza sauti, na neno linakuwa jingine. Kwa hiyo shughulikia baiti kwanza, kabla ya tegi yoyote.

Usingoje umalize ndipo ujaribu. Yapo majaribio ya html5lib-tests, ambayo waandishi wengi wa vichanganuzi wanayatumia: unapewa kipande cha HTML na mti unaotakiwa kutoka. Yaendeshe tangu siku ya kwanza, hata kama yote yanaanguka.

Na kama unachotaka ni data tu, usiandike chako. Chukua html5lib au lxml, vichanganuzi vya Python vilivyokwisha andikwa. Ukitumia Beautiful Soup, maktaba ya Python ya kuchomoa data kwenye kurasa, kitaje kichanganuzi unachokitaka, kwa sababu yenyewe inaegemea vingine na majibu hayafanani. Ipe `<a></p>`: html5lib itakupa a yenye p ndani, lxml itaitupa ile `</p>`, na html.parser, kile kinachokuja na Python yenyewe, itaitupa pia na wala haitaongeza html na body.

Programu ya ratiba bado inafanya kazi, kwa kichanganuzi kinachofuata kanuni. Nimeongeza kitu kimoja kisicho cha HTML: idadi ya safu ikibadilika, au saa ikitofautiana na ya jana, haimtumii mtu yeyote. Inanitumia mimi, naufungua ukurasa kwa macho yangu, na nikiona utata napiga simu bandarini kabla mtu hajatoka Wete.