Tairi mpya na sensa za upepo
Kaka, umeuliza kama ukiweka tairi mpya nne ubadili na sensa, yaani vifaa vya ndani ya magurudumu vinavyopima upepo, maana taa ya upepo kwenye dashibodi inawaka. Iangalie vizuri: ukiwasha gari ikawa inawaka na kuzima kwa dakika moja hivi kisha ikabaki imewaka, mfumo una hitilafu, mara nyingi betri ya sensa imekufa. Ikiwaka mfululizo tangu mwanzo bila kuzimazima, upepo umepungua tu. Betri imezibwa ndani, haibadilishwi, hudumu miaka 5 hadi 10. Kama moja imekufa kwa uzee badili zote, tairi zisifunguliwe mara mbili.

Uliza masafa ya redio ya sensa kabla hujalipa: gari la Japani au Marekani mara nyingi ni 315 MHz, la Ulaya 433. Masafa ya sensa na ya gari yakipishana, gari halizisomi kabisa. Vali ya sensa ikiwa ya alumini, kisindano cha ndani kiwe kilichopakwa nikeli. Cha shaba tupu, kwa chumvi hii ya bahari ya Tanga, huganda na fundi akikilazimisha vali inakatika.

Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya utengenezaji iliyochapwa ubavuni: 1025 ni wiki ya 10 ya 2025. Upepo jaza tairi ikiwa baridi, kwa kipimo cha kibandiko cha mlango wa dereva. Namba ya upepo ya ubavuni mwa tairi ni kikomo, usiifuate.