Hajajigeuza bado: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii zimejaa jambo moja tu, kujigeuza. Naanza na ombi ambalo nimelirudia mpaka ulimi umeota sugu: anayeuliza habari za ukuaji aandike umri wa mtoto kwa miezi na wiki, na aseme kama alizaliwa kabla ya siku zake. Bila hayo mawili napiga ramli.

"Mwanangu hageuki. Tatizo ni nini?" (Hakuandika jina)

Tatizo la kwanza ni kwamba hukuandika umri. Kama ana miezi miwili, hadaiwi na mtu. Kama ana kumi, ulitakiwa uwe umeshafika kliniki zamani.

"Wangu ana miezi minne na nusu, bado. Wa dada yangu aligeuka akiwa na mitatu, na kila tukikutana ananichokonoa. Je, niwe na wasiwasi?" (Mama Mpole)

Hapana. Wengi huanza kati ya miezi minne na sita, na mara nyingi kutoka kifudifudi kwenda chali hutangulia. Ule mgeuko wa kwanza pengine hata si kazi ya mtoto. Amelala kifudifudi, ameinua kichwa, kichwa ni kizito, kinaelemea upande mmoja na mwili unafuata. Anajikuta anatazama dari, macho yamemtoka, wakati mwingine analia kwa mshtuko. Kutoka chali kwenda kifudifudi ndiko kwenye kibarua, maana huko uzito wa kichwa haumsaidii; tumbo ndilo livute.

Mlaze wako chali sakafuni leo, ukae kando umtazame robo saa bila simu mkononi. Ukimwona anainua miguu mpaka anashika magoti, siku nyingine vidole, kisha anaangukia ubavuni na kubaki hapo akinguruma, huyo yuko njiani. Nyonga itavuka, bega litafuata, halafu mkono utabanwa chini ya kifua naye asijue autoe vipi. Wapo wanaokwama kwenye mkono huo siku kadhaa. Usikimbilie kumtolea. Wapo pia wanaoanza kinyume, chali kwenda kifudifudi, hasa waliozoea kulala chali, na wapo wanaopenda kukaa kuliko kugeuka. Hilo pekee si ugonjwa.

Kuhusu orodha za umri mnazotumiana kwenye simu: CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilipozipitia upya orodha zake mwaka 2022 kiliweka kugeuka kutoka kifudifudi kwenda chali kwenye miezi 6, kwa maana kwamba kufikia umri huo asilimia 75 au zaidi ya watoto huwa wanaweza. Yaani hata kwenye sita wapo wazima kabisa ambao bado. Shirika la Afya Duniani nalo lilichapisha mwaka 2006 hatua sita za mwendo wa mtoto, kuanzia kukaa bila kushikwa hadi kutembea peke yake, na kugeuka halikukuweka kabisa.

Na huyo wa miezi mitatu, kama aligeuka kwa kuelemewa na kichwa, hongera zao. Ila mtoto wa wiki nane au kumi anayegeuka mara kwa mara kama gogo, mwili mzima kwa mpigo mmoja, mgongo umepinda kama upinde na kichwa kimerudi nyuma, asipigiwe makofi. Pengine ni misuli iliyokaza kupita kiasi, na daktari amwone. Ukimwambia dada yako hilo, mwambie kwa upole.

"Ana miezi sita na nusu, alizaliwa wiki ya 32. Hageuki." (Baba wa Njiti)

Asante kwa kuandika kama mtu anayesoma ukurasa huu. Toa wiki nane alizowahi: mwanao kwa hesabu ya ukuaji ana miezi minne na nusu hivi, kwa hiyo rudi kwenye jibu la hapo juu. Hesabu hii itumieni mpaka afike miaka miwili. Haifuti dalili za kukakamaa au kulegea, ambazo hazina msamaha wa umri, na msikose tarehe za kliniki yake hata moja.

"Ana miezi saba na nusu, alitimiza siku zake. Hageuki upande wowote, na ukimwinua analegea. Mama mkwe anasema watoto hawafanani, nisubiri." (Mama Amani)

Shikamoo yake mpe, lakini usisubiri. Nenda wiki hii.

Sentensi hiyo ya "watoto hawafanani" ni ya kweli, na imechelewesha watoto wengi kuliko uongo wowote ninaoujua. Watoto hawafanani kwa tarehe. Namna ya kufika hufanana sana, na kazi yangu miaka yote hii imekuwa kutazama namna. Barua kumi zikija, tisa zinauliza "lini", na mimi nabaki kukisia mtoto anasogeaje.

Mshike mikono yote miwili akiwa chali, umvute taratibu aje kukaa. Kufikia miezi minne au mitano kichwa huja pamoja na mwili. Kikibaki nyuma kinaning'inia, hilo ni jambo la kumwonyesha daktari. Mshike chini ya kwapa umwinue: je, anateleza kama anataka kupita katikati ya mikono yako? Huo ndio ulegevu. Upande wa pili kuna ukakamavu, na mama huugundua kwenye nepi kabla ya daktari, kwa kuwa mapaja hayafunguki. Ukimwinua, miguu inapishana kama mkasi. Ngumi zimefungwa muda wote, gumba limezama ndani, wakati wenzake wa miezi minne wanafungua viganja na kushika kila kitu. Au mkono mmoja ndio unaofanya kazi zote na mwingine umelala tu. Msifurahi kwamba "atakuwa mashoto kama babu". Mtoto chini ya mwaka mmoja hachagui mkono. Akichagua, tunauangalia ule asioutumia.

Mpelekee daktari pia historia: alilia alipozaliwa? Alipata manjano makali siku za mwanzo? Degedege? Homa ya uti wa mgongo? Mambo hayo huweza kuumiza ubongo, na utindio wa ubongo huonekana hivi, kwa mtoto aliyekawia kugeuka, huku mwili ukiwa mgumu au mlegevu. Upo pia ulegevu unaotokana na magonjwa ya neva na misuli, ambapo mtoto ana uso mchangamfu, anacheka, anakufuata kwa macho, ila mwili hauna nguvu. Uso huo mchangamfu huwadanganya watu wengi. Na mazoezi ya viungo hayangoji ugonjwa upate jina. Yaombe siku hiyohiyo.

"Anageuka kulia tu, kushoto hataki. Ana miezi mitano na wiki moja." (Mama Pendo)

Wiki chache za mwanzo si neno, kila mtoto huanza na upande aliouzoea. Muite kutoka kushoto, weka anachokipenda kushoto, badilisha upande unapomlaza kichwa. Lakini tazama mambo matatu: kisogo kimebonyea upande mmoja? Shingo imeinama kwenye bega lilelile kila mara? Mkono wa kushoto unashika kama wa kulia? Jibu lolote baya, au mwezi ukipita bila badiliko, mwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Misuli ya shingo iliyokaza upande mmoja hunyooshwa kwa mazoezi, na mapema ni rahisi zaidi.

"Usiku namlaza chali, anajigeuza kifudifudi. Nimemwekea mito pande zote mbili asigeuke. Ni sahihi?" (Nisiyelala)

Si sahihi, iondoe leo. Mto unaomzuia kugeuka ndio huohuo utakaomziba pua akifanikiwa kugeuka. Vivyo hivyo vile vigodoro vyenye kingo vinavyouzwa kwa ajili hii, na hata vikiuzwa ghali havigeuki kuwa salama.

Mlaze chali kila usingizi mpaka atimize mwaka. Ubavuni hapana, ubavuni ni nusu ya safari ya kwenda kifudifudi. Akishaweza kugeuka pande zote mbili mwenyewe, kwenda na kurudi, mwache alale alivyojigeuza, nawe ulale. Kama anaweza kwenda tu na kurudi hajui, mgeuze ukimkuta. Godoro liwe gumu, shuka limekazwa, na kitandani kwake asiwe na kingine. Ambao mnawafunga watoto kwa shuka wakati wa kulala, acheni mara tu anapoonyesha dalili ya kwanza ya kutaka kugeuka. Aliyefungwa mikono akiangukia kifudifudi hana cha kujiinulia.

Wanaosema "sisi tulilazwa kifudifudi na tuko hai" ni wale waliobaki hai; waliokufa hawaandiki barua. Marekani ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na katika miaka kama kumi vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilishuka kwa karibu nusu.

"Tukimlaza kifudifudi analia, tumeacha. Ana miezi mitatu." (Baba Mapacha)

Mapacha halafu mnaandika mtoto mmoja? Haya. Rudini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto ambaye bado hajaanza kusogea mwenyewe apate angalau dakika 30 za kifudifudi kwa siku, kwa vipindi, akiwa macho na mtu akimtazama. Dakika 30 hazitoki kwa mpigo. Anza na moja, mara nyingi kwa siku, kila baada ya kumbadilisha nepi. Taulo lililokunjwa chini ya kifua, mikono ije mbele yake, halafu baba ulale chini uso kwa uso naye. Wengi hulia kwa sababu wanatazama zulia tupu. Na mpunguze saa za kwenye kiti, bembea na mbeleko. Mtoto asiyelazwa sakafuni atajifunzia wapi kugeuka?

"Kigari cha kutembelea kitamsaidia akaze miguu?" (Mama Faraja)

Hapana. Kinamfundisha kusukuma kwa ncha za vidole, na kinampeleka kwenye ngazi na jiko kabla hujageuza shingo. Canada ilivipiga marufuku mwaka 2004. Hili nimelijibu mara ya nne mwaka huu, la tano nitalichana.

"Ameanguka kitandani, ana miezi mitano. Sikujua kwamba anaweza kugeuka!" (Mama Mwenye Hatia)

Hakuna anayejua, mgeuko wa kwanza hauna kengele. Wangu wa pili aliangukia zuliani nikiwa nimenyoosha mkono kuchukua nepi, kiganja kimoja bado kiko hewani pale alipokuwa tumbo lake. Mimi niliyekuwa nikiwafundisha wazazi wengine hayo. Tangu hapo nepi nabadilishia sakafuni, na mkono mmoja haumwachi mtoto hata nikiitwa na nani.

Kama alilia mara moja, akanyamaza, ananyonya na anacheza, mtazame kwa siku nzima. Mkimbize hospitali akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia wakati usio wake na kuamka kwa taabu, akipata degedege, asipotumia mkono au mguu, utosi ukivimba, au ukipapasa kichwa ukakuta uvimbe laini unaobonyea, hasa pembeni juu ya sikio. Mtoto wa chini ya miezi mitatu apelekwe hata akionekana mzima.

"Ana miezi sita. Alikuwa anageuka vizuri, sasa kama wiki mbili ameacha na amepoa. Akiamka hujikunja ghafla kama anayeshtuka, mikono ikiruka, anatulia, anarudia, mara kumi hivi. Tumeambiwa ni tumbo." (Mama)

Huyu nilimpigia siku ileile barua ilipofika. Naichapa kwa ajili yenu wengine. Msokoto wa tumbo hauji kwa mfululizo wenye mapigo, kila baada ya sekunde chache, na haumnyang'anyi mtoto alichokijua. Hicho ni kifafa cha watoto wachanga, au kichukuliwe hivyo mpaka daktari akatae. Huanza mara nyingi kati ya miezi mitatu na minane, hakitishi kwa macho kama degedege la kawaida, na kila siku inayopita bila dawa inauumiza ubongo. Mrekodi kwa simu akifanya hivyo na uende hospitali leo hii, yenye daktari wa watoto, video mkononi. Mtoto kuchelewa naweza kuvumilia nikitazama. Mtoto kupoteza alichokuwa nacho, cha aina yoyote na umri wowote, sivumilii hata wiki.

"Mimi ni bibi, nabaki na mjukuu mchana. Ana miezi miwili na wiki tatu. Magoti hayaniruhusu kukaa sakafuni, nimlaze vipi kifudifudi?" (Bibi Msomaji)

Shikamoo bibi, na umeandika umri vizuri kuliko mabinti zako wote hapo juu. Egemea kwenye kiti, umlaze kifuani kwako, tumbo kwa tumbo, uso ukutazame. Ongea naye, atainua kichwa kukutafuta, na hiyo inahesabika sawa na zulia. Au mlaze mapajani, mkono wako mmoja juu ya makalio yake. Ukihisi usingizi unakunyemelea, mpokeze mtu au umrudishe kitandani kwake, chali.