Jibu kwa anayejenga hospitali: huo uzuri anauona nani?

Mkuu, umeuliza uwajibu nini wanakamati wanaotaka jengo jipya la hospitali liwe na kioo kitupu mbele "lionekane la kisasa", na hela yenyewe ya kubana. Mimi ni muuguzi, kuchora ramani si kazi yangu. Ila waulize: huo uzuri anauona nani? Mgonjwa kalala chali. Anachokiona kutwa nzima ni dari, taa, na dirisha kama lipo.

Nimefanya kazi kwenye jengo la hivyo, silitaji. Vioo vilielekea magharibi. Kwenye picha linapendeza kweli, lakini alasiri wodi inachemka, madirisha hayafunguki maana walitegemea viyoyozi, na umeme ukikatika jenereta inalisha chumba cha upasuaji tu. Ndugu wa wagonjwa wakaishia kutundika khanga kwenye vioo. Chini wameweka malumalu za kung'aa. Machela ikipita inarukaruka kwenye kila kiungo, na aliyevunjika mguu anapiga kelele korido nzima.

Sasa tazama hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda. Ilifunguliwa 2011, ikabuniwa na wasanifu majengo wa MASS Design Group pamoja na shirika la afya la Partners In Health na Wizara ya Afya ya huko. Hofu yao kubwa ilikuwa kifua kikuu sugu. Habari za Tugela Ferry, Afrika Kusini, zilizotoka 2006, zilikuwa zimeonyesha watu wanaambukizwa humo humo hospitalini walikofuata tiba. Basi korido za ndani wakaziondoa: ukitoka wodini uko barazani, penye upepo. Dari wakaipandisha, wakaweka feni kubwa, madirisha ya kufunguka, na taa za kuua vijidudu juu karibu na dari. Vitanda wakavigeuza: vichwa vimeegemea ukuta mfupi katikati ya wodi, kwa hiyo kila mgonjwa anatazama nje, milimani. Kuta ni mawe ya volkano ya Virunga, yaliyochongwa kwa mkono na mafundi wa hapohapo. Watu wanasafiri kwenda kulitazama, na karibu kila kinachowavutia kiliwekwa kwa ajili ya hewa.

Atakayesema dirisha la kutazama nje ni anasa, mwambie mtafiti Roger Ulrich alilipima kwenye hospitali moja huko Pennsylvania, Marekani, akachapisha matokeo 1984: waliofanyiwa upasuaji wa nyongo wakalazwa wakiona miti walitoka mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, tena wakatumia dawa kali za maumivu kwa uchache.

Kioo sina ugomvi nacho. Kiwekeni mapokezi, upande wa kaskazini au kusini, chini ya kivuli. Sakafu ya wodi na korido pigeni terazo, na upana uruhusu machela mbili kupishana bila mtu kujibanza ukutani. Ndugu wajengeeni banda la kukaa na kamba za kuanikia, la sivyo wataanika kwenye hizo reli zenu za kisasa.

Na kabla ramani haijagongwa mhuri, muiteni dada wa usafi aonyeshwe atamwaga wapi maji machafu. Kwetu hakuulizwa, na ndoo zinamwagwa kwenye sinki la kunawia mikono.