Kabla hujapaka lektini kwenye kipande cha ubongo

Mdogo wangu unayekuja Moshi kuanza kazi ya tishu za ubongo, siku ya kwanza pita soko la Mbuyuni ununue karanga. Ndani yake mna protini inayoshika sukari, na hiyohiyo, ikiunganishwa na rangi, ndiyo utakayopaka kwenye vipande vya ubongo wa panya mchanga. Protini za aina hiyo ndizo lektini.

Mimi nilichelewa sana kwa kosa moja. Niliona mistari inang'aa, nikaandika daftarini kwamba nimeziona lektini za seli za glia, zile seli za ubongo zinazozisaidia seli za neva. Sivyo. Lektini niliileta mwenyewe kwenye kichupa. Kilichong'aa ni sukari iliyo juu ya seli na katikati yake. Glia zina lektini zao: galektini-1 iko kwenye glia ziitwazo astrosaiti, na galektini-3 inayotolewa na glia nyingine, mikroglia, husaidia seli zinazotengeneza mayelini, ala ya nyuzi za neva, kukomaa. Ukitaka kuziona hizo, tumia kingamwili. Mwalimu wangu alisoma daftari akaniuliza, "Hapa nani ameshika, na nani ameshikwa?" Mpaka leo naliandika swali hilo juu ya kila ukurasa.

Umri wa panya nao uangalie sana. Kwenye gamba la ubongo wake kila sharubu ina kikundi chake cha seli za neva. Mwaka 1986 watafiti Cooper na Steindler walionyesha kwamba lektini huchora mipaka ya vikundi hivyo kwa panya aliyezaliwa karibuni. Glia hushiriki kuijenga, nayo ni ya muda: panya akikua, inafifia. Niliwahi kupaka ubongo wa panya mkubwa, nikakosa mipaka, nikailaumu lektini. Kumbe zege lilishakauka na mafundi wameshabomoa mbao.

Kisha, tafadhali, usiache slaidi ya kulinganisha. Changanya lektini ya karanga na galaktosi nyingi kwanza, ndipo upake. Rangi ikitoweka, basi kweli ilikuwa imeshika sukari. Ikibaki, picha zako zote za siku hiyo usizitumie, hata ziwe nzuri namna gani. Najua inauma.

Lektini ikifika, igawe siku hiyohiyo kwenye vichupa vidogo, uandike tarehe. Umeme ukikatika usiku, lektini iliyogandishwa ikiyeyuka na kuganda tena, nguvu yake inapungua nawe huoni chochote kwa macho.